Narsisizimu na Bodalaini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maneno haya mawili yametoka hospitalini yakaingia kwenye ugomvi wa wapenzi, na huko yamekuwa mawe ya kurushiana. Nimekaa na wanandoa na wazazi wengi waliokuja wakiwa wamekwisha kumpa mtu wao jina la ugonjwa, na mara nyingi jina lenyewe si sahihi, au ni sahihi lakini limetumika kumfunga mtu mdomo. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo wanayoniuliza zaidi.

Haya ni magonjwa gani hasa?

Yote mawili ni matatizo ya haiba: narsisizimu ni ya kujiona mkubwa na kutaka sifa, bodalaini ni ya hisia zisizotulia na hofu ya kuachwa. Haiba ni namna mtu anavyojiona, anavyowaona wengine, anavyopenda na anavyokasirika. Kila mtu ana yake. Ikikakamaa kiasi cha kumharibia mtu kazi, ndoa na urafiki mwaka baada ya mwaka, tangu ujana wake, hapo ndipo daktari anaanza kuiita tatizo.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unaojulikana kwa herufi DSM, unayaweka yote mawili katika kundi moja, kundi B, la haiba zenye hisia kali na tabia za kushtukiza. Kila moja limeorodheshewa dalili 9, na mtu anatakiwa kuwa nazo angalau 5. Piga hesabu kidogo: watu wawili wanaweza kupewa jina lilelile la ugonjwa huku wakiwa na dalili moja tu inayofanana. Ndiyo maana usishangae ukisoma habari za bodalaini na usimwone kabisa dada yako unayemfahamu.

Shirika la Afya Duniani limechukua njia nyingine. Katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, aina za zamani za matatizo ya haiba zimefutwa. Daktari anapima kwanza ukali wa tatizo, kisha anaeleza sura yake. Bodalaini imebakizwa kama sura mojawapo inayoweza kutajwa. Narsisizimu haina tena kisanduku chake.

Majina yenyewe yametoka wapi?

Narsisi ni kijana wa hadithi za Wagiriki wa kale aliyependa sura yake mwenyewe aliyoiona majini mpaka akafia pale pale. Bodalaini maana yake ni mpakani. Mwaka 1938 daktari Adolph Stern aliandika kuhusu wagonjwa ambao hawakuwa wagonjwa wa wasiwasi wa kawaida, wala hawakuwa wamepoteza fahamu za mambo yalivyo; walikaa katikati, mpakani. Jina likawaganda, ingawa leo hakuna anayeamini habari za mpaka huo. Magonjwa yote mawili yaliingia rasmi katika mwongozo wa Marekani mwaka 1980.

Mbona watu wanayachanganya?

Kwa sababu ukiwa nje, mlango umefungwa, kelele zinafanana. Kote kuna hasira kubwa kwa jambo dogo. Kote kuna kumpandisha mtu juu mbinguni leo na kumtupa chini kesho. Wote wawili hawavumilii kukosolewa, na wote wawili wanaweza kumwacha mwenzao akijiuliza kama yeye ndiye mwenye wazimu.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Narsisizimu haiji kila mara na majivuno. Wapo wenye narsisizimu iliyojificha: watu wa kununa, wenye haya, wanaojiona hawathaminiwi, wanaoumia ukisahau siku yao ya kuzaliwa na kuliweka hilo moyoni miaka mitatu. Ndani bado wanaamini wanastahili kuliko wengine, ila hawasemi. Watu wa aina hii wanafanana sana na wenye bodalaini, na hata wataalamu huhitaji muda kuwatofautisha.

Basi tofauti kubwa ni ipi?

Mimi hujiuliza swali moja kabla ya kufungua orodha yoyote: mtu huyu, usiku akiwa peke yake, anaogopa nini?

Mwenye bodalaini anaogopa kuachwa. Mwenye narsisizimu anaogopa kuonekana mdogo. Mengine mengi yanafuata hapo.

Chukua jioni moja ya mtu mwenye bodalaini. Saa mbili usiku amemwandikia mpenzi wake, tiki zimegeuka bluu, jibu hakuna. Saa mbili na dakika kumi: “Upo?” Saa mbili na nusu: “Nimekukosea nini?” Saa tatu: “Basi, najua umenichoka.” Saa nne kasoro: “Usinitafute tena maishani mwako.” Saa nne kamili anapiga simu akilia, anaomba asiachwe. Mpenzi wake alikuwa anaoga, kisha akasinzia. Ukiuangalia mfululizo huo kwa haraka utaona vitisho na vurugu. Ukiutazama vizuri utaona mtu mmoja mwenye hofu ileile tangu ujumbe wa kwanza hadi wa mwisho.

Sasa chukua jioni ya mwenye narsisizimu. Wako na wageni, anasimulia alivyoanza biashara yake, na mwenzake anamsahihisha kwa upole: “Hapana, ilikuwa mwaka uliofuata.” Anacheka pamoja na wageni. Njiani kurudi nyumbani hasemi neno. Siku tatu anamkaushia mwenzake, anapita kama hamwoni. Siku ya nne anasema, “Wewe furaha yako ni kunidhalilisha mbele za watu.” Mwaka mmoja uliokosewa umekuwa kesi ya heshima.

Jinsi wanavyojiona ni tofauti pia. Mwenye bodalaini hana picha ya nafsi iliyotulia. Leo anajiona mwema, kesho anajiona takataka, na wengi hulalamika kwamba ndani wanahisi tupu. Mwenye narsisizimu ana picha moja, kubwa, na maisha yake yote ni kazi ya kuilinda isipasuke. Maumivu nayo huelekea kwingine. Mwenye bodalaini mara nyingi humalizia hasira mwilini mwake mwenyewe, ndiyo maana kujikata na majaribio ya kujiua vimo kabisa katika orodha ya dalili zake. Mwenye narsisizimu kwa kawaida humtafuta wa kulaumu.

Na huruma? Je, narsisisti hana huruma kabisa?

Hapa kuna utafiti ninaoutaja mara kwa mara kwa sababu unaondoa uongo mwingi. Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani waliwapima watu wenye narsisizimu wakakuta kwamba kutambua mwingine anahisi nini wanaweza vizuri tu. Kilichopungua ni kuhisi pamoja naye. Anajua unalia, na anajua kwa nini. Machozi yako hayamfikii.

Kwa mwenye bodalaini shida ni nyingine. Hisia za wengine zinamfikia kupita kiasi, na anazisoma vibaya. Uso wa mtu aliyechoka tu, yeye anaona uso wa mtu aliyemkasirikia.

Ni kweli bodalaini ni ya wanawake na narsisizimu ni ya wanaume?

Kliniki zinaonyesha hivyo: kwa miaka mingi imesemwa kwamba robo tatu ya wanaotibiwa bodalaini ni wanawake. Lakini nchini Marekani, mwaka 2004 na 2005, walihojiwa watu wazima karibu 35,000 wa kawaida, si wagonjwa tu, na bodalaini ikaonekana karibu sawa kwa wanaume na wanawake. Narsisizimu ilikuwa asilimia 7.7 kwa wanaume na 4.8 kwa wanawake; tofauti ipo, ila si ile ya mbingu na ardhi. Naamini wanaume wengi wenye bodalaini wanapita mikononi mwetu wakiitwa walevi au watu wa hasira. Hakuna anayewauliza kama wanaogopa kuachwa.

Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili?

Ndiyo, na si ajabu hata kidogo. Katika mahojiano hayohayo ya Marekani, zaidi ya theluthi moja ya waliokuwa na moja walikuwa na la pili. Mabishano kuhusu jinsi mawili haya yanavyohusiana ni ya zamani: tangu mwaka 1967 daktari Otto Kernberg alikuwa akifundisha kwamba chini ya narsisizimu kali kuna nafsi iliyojengeka kibodalaini, na kwamba ukuu ule ni ukuta uliosimamishwa kuificha. Daktari mwenzake, Heinz Kohut, alimpinga. Yeye aliona mwenye narsisizimu ni mtoto aliyenyimwa kutazamwa kwa furaha, ambaye amebaki akiutafuta mtazamo ule utu uzimani.

Kwa macho ya nyumbani, mtu mwenye yote mawili huwa hivi: akisifiwa anatulia na kutawala, akihisi anaachwa anaporomoka, na akishaporomoka anamchukia aliyemwona akiwa chini. Kumsaidia ni kugumu zaidi, kwa sababu msaada wenyewe unamwonyesha kwamba ana uhitaji.

Kwa nini hawa wawili wakikutana wanapendana haraka hivyo?

Si kanuni kwamba lazima wapendane. Lakini wakikutana, wanaingiana kama kufuli na ufunguo.

Mwenye bodalaini akipenda, anapenda kwa moyo wote siku ya kwanza. “Maisha yangu yote hakuna aliyenielewa kama wewe.” Kwa mtu anayeishi kwa kutazamwa kwa sifa, maneno hayo ni chakula. Naye mwenye narsisizimu mwanzoni anang'aa: anajiamini, anajua anakokwenda, anaahidi makubwa. Kwa mtu ambaye ndani hana nguzo, huyo ni nguzo. Wiki sita za kwanza ni asali tupu. Na naomba nieleweke: wakati huo hakuna anayedanganya. Kila mmoja amepata kweli kitu alichokikosa tangu utotoni.

Kisha maisha ya kawaida yanaanza. Mwenye bodalaini anahitaji kuhakikishiwa tena na tena kwamba anapendwa. Mwenzake, ambaye alitaka kusifiwa na si kuhitajiwa, anachoka, anajiona anabanwa, anaanza kuchelewa kurudi. Kujitenga huko ndiko hasa mwenye bodalaini anakokuogopa kuliko kifo. Analia, anashika simu ya mwenzake, anamwambia, “Wewe ni katili, umekuwa mwongo tangu mwanzo.” Na neno hilo ndilo hasa mwenye narsisizimu asiloweza kulibeba, maana linamwonyesha aibu yake. Anamjibu kwa dharau, anamwita mwendawazimu, anaondoka siku mbili. Hofu ya mwenzake inaongezeka maradufu.

Kila mmoja, akijaribu kutibu kidonda chake, anatonesha cha mwenzake.

Mbona basi hawaachani?

Kwa sababu ya siku ya kurudiana. Baada ya siku mbili za kimya anarudi na maua na maneno ya zile wiki sita za kwanza, na kwa saa chache kila kitu kinakuwa kama mwanzo. Raha inayokuja kwa kubahatisha hushika kuliko inayokuja kila siku. Mcheza kamari anajua hilo, ingawa hawezi kulieleza. Mmoja anarudi kwa sababu upweke ni mbaya kuliko matusi. Mwingine anarudi kwa sababu hakuna mwingine anayemtazama kwa macho yale.

Ni nani kati yao anayemuumiza mwenzake?

Inategemea watu, haitegemei jina la ugonjwa. Nimeona wenye bodalaini wakiumizwa sana, na nimeona wakiumiza. Ugonjwa unaeleza kwa nini mtu amefika pale. Haumpi ruhusa. Ukipigwa, ukinyimwa fedha zako, ukikatazwa kuonana na ndugu zako, hapo swali la ugonjwa gani linaweza kusubiri. La kwanza ni usalama wako na wa watoto.

Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono ushauri wa ndoa wa pamoja nyumba ikiwa na kipigo. Yanayosemwa mbele ya mshauri yatalipwa nyumbani. Kila mmoja aanze na mtu wake.

Chanzo chake ni malezi?

Malezi yamo, lakini si peke yake. Utafiti mkubwa wa familia za Sweden, uliochapishwa karibu mwaka 2019, ulikadiria kwamba karibu nusu ya uwezekano wa kupata bodalaini unatokana na urithi. Katika historia zao mara nyingi kuna kunyanyaswa au kutelekezwa utotoni, lakini si kwa wote, na mzazi mwenye mtoto mgonjwa asibebeshwe hatia kwa kukisia tu. Kuhusu narsisizimu, watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia watoto 565, wakachapisha matokeo mwaka 2015: watoto ambao wazazi wao waliwaona bora kuliko watoto wengine ndio waliozidi kuwa na tabia za kinarsisisti. Waliopewa upendo na ukaribu wa kawaida walipata kitu kingine, yaani kujithamini.

Wanapona?

Bodalaini, ndiyo, na ningependa kila aliyepewa jina hili alijue siku hiyohiyo. Daktari Mary Zanarini, wa hospitali ya McLean huko Marekani, aliwafuatilia wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa. Ndani ya miaka 10, asilimia 93 walipitia kipindi cha angalau miaka miwili bila kutimiza tena vigezo vya ugonjwa. Kilichochelewa ni maisha yenyewe: nusu tu ndio waliofika mahali pa kuwa na nafuu pamoja na kazi na uhusiano imara. Maana yake dhoruba hutulia mapema, kujenga nyumba upya kunachukua muda.

Tiba iliyopimwa zaidi ni ile aliyoibuni mwanasaikolojia Marsha Linehan, inayofundisha stadi za kuvumilia maumivu bila kuyafanya mabaya zaidi, kutuliza hisia na kuongea na watu. Mwaka 2011 Linehan alijitokeza hadharani akasema kwamba yeye mwenyewe alilazwa akiwa msichana, akijiumiza. Nawasimulia wagonjwa habari hii, na huwa nawaona wakiinua kichwa. Iko pia tiba ya Bateman na Fonagy wa London, inayomfundisha mtu kusimama na kujiuliza, “Mwenzangu anawaza nini hasa? Na mimi je?”

Kwa narsisizimu habari ni za taratibu zaidi. Hakuna tiba iliyopimwa kwa majaribio makubwa kama hizo. Wengi hawaji kwa sababu ya narsisizimu. Wanakuja baada ya talaka, kufukuzwa kazi au sonona, na wengine huacha mara tu wanapoambiwa jambo lisilopendeza. Wanaobaki hubadilika, polepole, hasa maisha yakiwa yamewapa sababu ya kweli ya kubaki.

Hakuna dawa ya kumeza?

Hakuna iliyoidhinishwa kwa ugonjwa wenyewe, wala huu wala ule. Daktari anaweza kutibu kwa dawa sonona au wasiwasi unaoambatana nao. Ukiwa na dawa nne na huna hata saa moja ya mazungumzo kwa mwezi, una haki ya kuuliza kwa nini.

Nimwambie mwenzangu kwamba nadhani ni narsisisti, au ni bodalaini?

Usimwambie. Si kazi yako, na katikati ya ugomvi neno hilo litakuwa tusi hata kama ni kweli. Sema kitendo na athari yake.

Kwa mwenye hofu ya kuachwa, anza na hisia kabla ya hoja: “Naona umeogopa sana niliposhindwa kujibu.” Kisha toa ahadi ndogo unayoweza kuitimiza. “Nimekasirika, natoka kutembea, nitarudi saa moja.” Na saa moja uwe mlangoni. Ahadi ndogo iliyotimizwa mara ishirini inafanya kazi ambayo “nakupenda milele” haiifanyi.

Kwa mwenye hofu ya kudharaulika, zungumza mkiwa wawili tu, kamwe si mbele ya watu, na zungumzia jambo moja. “Jana ulipopandisha sauti mbele ya watoto, nilitoka chumbani. Ukipandisha tena nitatoka tena.” Huo ni mpaka unaouweka juu ya miguu yako mwenyewe, kwa hiyo unaweza kuutekeleza. Usimvishe kilemba cha ukoka ili tu usiku upite salama. Kesho atadai kikubwa zaidi.

Nikitaka kuondoka anasema atajiua. Nifanyeje?

Liamini neno hilo, hata kama amelisema mara kumi. Kujiua ni hatari ya kweli kwa wenye bodalaini, na waliowahi kujaribu wako katika hatari kubwa zaidi. Mwulize waziwazi: “Unafikiria kujiua? Umepanga jinsi ya kufanya?” Kuuliza hakumpandikizii wazo. Ondoa vitu vya hatari vilivyo karibu, usimwache peke yake, mwite ndugu au rafiki anayemwamini, na mfikishe hospitali kitengo cha dharura.

Ila kumwamini si lazima kuwe kubaki kwenye ndoa. Unaweza kumfikisha kwenye mikono ya watu wanaoweza kumlinda, na bado ukaondoka. Tafadhali usilibebe hili peke yako. Waambie watu wake mapema, kabla ya siku ya kuondoka.

Nikisoma haya yote najiona mimi mwenyewe. Je, mimi ni narsisisti?

Kila mtu ana chembe za haya, na mtu aliyeishi muda mrefu katika ugomvi huwa na nyingi kuliko kawaida yake. Mwenye bodalaini mara nyingi ameitwa narsisisti na mpenzi aliyechoka, akaliamini na kuanza kujichukia. Jina lisitoke kwa mpenzi, wala kwa maswali kumi ya mtandaoni, wala kwangu mimi ambaye sijakuona.

Mtafute daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia. Kabla ya kwenda, andika mambo matatu yaliyokupata katika mwezi mmoja: nini kilitokea, ulihisi nini, ulifanya nini baadaye. Andika pia yaliyotangulia ndoa hii, ya shuleni, ya kazini, ya marafiki waliopotea, kwa sababu tatizo la haiba huanza mapema na huonekana kila mahali, na daktari makini atauliza. Ikiwezekana nenda na mtu aliyekufahamu tangu ujana. Na kama unajikata, mwambie daktari ndani ya dakika tano za kwanza, usingoje mpaka umeshika kitasa cha mlango.